Kipoyi cha Siku ya Sabato

Siku yetu ya mwisho ya kawaida nilikuwa uani nikipura maharagwe. Mavuno yalikuwa mazuri mwaka ule. Mke wangu, ambaye kilima kizima kinamwita Mama Mapendo kwa jina la binti yetu, alikuwa akipeta. Mapendo mwenyewe alikaa kwenye mkeka akichambua mawe, tumbo lake likimzuia kuinama vizuri. Alikuwa amekuja kujifungulia kwetu, maana mume wake alikuwa mbali, Walikale, kwenye machimbo. Ilikuwa mimba yake ya kwanza na mama yake hakumruhusu hata kubeba ndoo.

Papa Danieli akapita njiani na jembe lake begani. Shamba lake linapakana na langu. Yeye ni mzee wa kanisa la Wasabato wa pale kilimani, na mimi nilikuwa katekista wa shapeli yetu ya Kikatoliki.

"Katekista, juu ya nini unachapa maharagwe vile? Ilikukosea?"

"Ilinikosea. Inakatala kutoka."

"Ungekuwa unapumzika Jumamosi, mikono ingekuwa na nguvu."

"Na wewe ungekuwa unapumzika Jumapili, ungekuja kunisaidia."

Alitabasamu kidogo akaendelea na njia. Zamani angeingia, angeketi, angeomba maji ya kunywa na kunibishia mpaka jua lianguke. Lakini tangu miezi kadhaa alikuwa haingii tena uani mwangu. Sababu niliijua vizuri, kwa kuwa niliitengeneza kwa mdomo wangu mwenyewe. Ninaandika haya kwa ajili ya sababu hiyo, na kwa ajili ya Samweli, mdogo wake Papa Danieli, ambaye aliilipia.

Kilima chetu kiko upande wa Nyamitaba, na gari haliwezi kupanda mpaka kwetu. Mgonjwa hubebwa kwa kipoyi, yaani kitanda cha kamba kilichofungwa kati ya miti miwili mirefu. Wanaume wanne wanaweka miti mabegani, wanne wengine wanatembea pembeni wakisubiri zamu, na kila baada ya kona mtu anaita, "Tubadirishe bega!" Kila nyumba hutoa mwanamume mmoja. Asiyefika bila sababu hutozwa jerikani la kasiksi, pombe yetu ya ndizi, na kwa kuwa Wasabato hawanywi wala hawapiki pombe, wao hutoa kuku. Tangu nilipokuwa mtoto kulikuwa na kipoyi kimoja tu kwa kilima kizima. Mkatoliki, Msabato, mfugaji wa juu malishoni, hata yule asiyesali popote, wote bega lao lilikuwa chini ya miti ileile.

Halafu Jumamosi moja bibi mmoja wa shirika letu akaanguka. Shirika ni zile nyumba chache zinazosali pamoja kila wiki, leo kwa huyu, wiki ijayo kwa yule. Tulipiga filimbi ya kipoyi. Wasabato walikuwa kanisani, wakamaliza kwanza sala yao ndipo wakaja. Tuliwasubiri kwa muda wa sufuria moja ya maharagwe kuiva. Bibi alibebwa, akatibiwa, akarudi nyumbani kwa miguu yake. Hakuna kilichoharibika. Lakini Jumapili, mbele ya shapeli iliyojaa, nilisema hivi: "Mungu wa majirani zetu anaangalia saa kwanza, mgonjwa baadaye."

Watu walicheka. Nami nilikipenda kile kicheko, na wiki hiyohiyo tulikata mikaratusi, tukafunga kipoyi chetu sisi Wakatoliki, tukapigilia msalaba mdogo mbele yake, nikaandika orodha ya majina katika daftari la katekisimu. Kile cha zamani tuliwaachia wao. Nilidhani huko ndiko kushuhudia imani. Katika miaka yote ya ukatekista nilishinda mabishano mengi, juu ya Jumamosi na Jumapili, juu ya sanamu, juu ya kubatiza watoto wachanga. Nikijipekua vizuri, sioni hata mtu mmoja niliyemsogeza karibu na Yesu kwa njia ile.

Vita ilikuja kwetu kwa dalili ndogo. Wabebaji wa Rubaya, ambao hushuka kila siku wameinama chini ya mizigo ya mawe ya koltani, walianza kupita mabega matupu, haraka, bila kusalimia. Kisha rezo ya simu, yaani mtandao, ikakatika. Kisha wafugaji walioswaga ng'ombe wao kuelekea Burungu wakarudi siku ya pili, wachache kuliko walivyoondoka, wakisema huko nako kumeharibika. Sitataja vikundi. Wenye bunduki walibadilisha majina mara nyingi kuliko walivyobadilisha nguo, na sisi tuliolima maharagwe hatukuwahi kuulizwa tuko upande gani isipokuwa wakitaka kutupiga.

Ijumaa alasiri tulisikia silaha nzito nyuma ya mlima. Mapema Jumamosi njia ilikuwa imejaa magodoro na mbuzi. Watu wa shirika langu walipita wakaniita, "Katekista, twende!" Niliwaambia watangulie, tutawafuata. Niliamini tutawafuata. Mapendo alikuwa amejifunga kitenge tayari kwa safari. Tulipofika mgombani, hatua mia hazijatimia, aliushika mgomba akasimama. Maji yalikuwa yamemtoka, na damu.

"Hawezi kutembea," mke wangu aliniambia. "Tafuta kipoyi."

Nilikimbia kwenye shapeli. Kipoyi chetu hakikuwepo. Baadaye nilijua kwamba watu wangu walikuwa wamekibebea mali zao, magunia na cherehani moja, msalaba ukiwa mbele. Siwalaumu. Orodha yangu ilikuwa na majina kumi na sita, na nilipopita kwenye nyumba zao nilikuta milango imefungwa kwa waya.

Kilimani walibaki watu wa aina moja tu. Ilikuwa Jumamosi. Wasabato walikuwa kanisani.

Sikuwahi kuingia katika kanisa lile, ingawa nilipita mlangoni kwake maisha yangu yote. Nilivua kofia nikasimama pale kwenye mwanga. Walikuwa familia labda kumi, mizigo yao imepangwa ukutani, wakijadiliana kama waondoke saa ile au wamalize kwanza Sabato. Waliponiona wakageuka wote. Kila mmoja mle ndani alijua nilichokisema Jumapili ile. Hatuna maneno yanayobaki siri kwenye kilima chetu.

Nikasema tu, "Mapendo."

Papa Danieli alifunga Biblia yake. "Imeanza?"

"Imeanza. Na damu."

"Kipoyi yenu iko wapi, ile ya musalaba?"

"Balibebea vitu."

Hakuna aliyecheka. Ningefurahi wangecheka. Mwanamume mmoja wa nyuma akasema polepole, bila hasira, kwamba angependa kwanza kukumbushwa yale maneno ya saa. Nilitazama chini.

Ndipo Samweli akasimama. Alikuwa mtu mkubwa, mwenye mabega mapana na mzaha usioisha, baba wa watoto watatu. Alimpa mkewe, Mama Neema, mtoto aliyekuwa amempakata.

"Alisema Mungu yetu inaangaliaka saa," Samweli akasema. "Basi, saa imefika. Twende."

Walisimama saba nyuma yake. Papa Danieli, ambaye umri wake ni kama wangu, alikuwa mmoja wao. Mama Neema na wanawake wengine wangepita njia ya juu pamoja na watoto, nasi tungeshuka bondeni, tukate barabara kubwa, tupande msitu wa upande wa pili mpaka kituo cha afya, ambako ilisemekana muuguzi hakukimbia. Mama Neema alinitazama nilipokuwa natoka. Nakumbuka uso wake kuliko ninavyokumbuka milio ya bunduki.

Wabebaji wa kipoyi huimba ili hatua zao ziwe sawa. Siku ile kuimba kungetuua. Lakini mke wangu alikuwa akitembea karibu na kichwa cha Mapendo, ameshika rozari, akisali Salamu Maria kwa sauti ya chini, na Mapendo akimwitikia pale maumivu yalipomwachia pumzi. Baada ya muda niliona kitu ambacho bado kinanishangaza. Hatua za wale Wasabato zilikuwa zimeingia katika mwendo wa sala ile. Alipofika "utuombee sisi wakosefu" miguu yote ilikanyaga pamoja. Mahali fulani alinyamaza kufuta machozi, na kipoyi kikayumba.

"Mama Mapendo, usiache," Samweli alimwambia. "Hiyo njo inatupatia mwendo, ndiyo hiyo."

Kwenye mteremko wa mwisho alinigeukia, jasho likimtiririka. "Katekista, huyu mutoto yako iko muzito. Iko muzito kama mahubiri yako."

Mapendo alicheka. Katikati ya uchungu wake alicheka, nikamsikia.

Tulifika barabarani jua likiwa utosini. Tulijificha kwenye matete tukasikiliza.

Kimya.

Papa Danieli alitoka kwanza, akatazama juu na chini, akapunga mkono.

Wakapita wanne na kipoyi, mbiombio, wameinama. Mke wangu nyuma yao. Mimi nyuma yake.

Tulikuwa katikati ya barabara Samweli aliposema, "Tubadirishe bega." Nadhani bega lilikuwa limeshachoka tangu mteremkoni, akavumilia mpaka hapo.

Risasi zilitoka upande wa juu. Mbili, halafu nyingi.

Samweli alipiga magoti. Hakuangusha mti. Aliushikilia begani akiwa magotini mpaka aliyekuwa pembeni yake akauchukua, ndipo akalala kifudifudi.

Wengine hawakusimama. Walikuwa wamefundishwa tangu ujana kwamba kipoyi hakiwekwi chini njiani. Walikimbia nacho mpaka ndani ya miti.

Mimi nilisimama juu yake. Papa Danieli alirudi akitambaa, akamgeuza mdogo wake, akaweka sikio kifuani pake. Kisha akanishika mkono kwa nguvu.

"Twende, Katekista. Huyu amefika. Ule mwengine bado."

Tulimvuta mpaka kwenye matete tukamfunika kwa majani. Tukaenda.

Mtoto alizaliwa chini ya mti mmoja mkubwa, si mbali na pale. Wanaume walisimama wametupa mgongo. Mke wangu alimzalisha Mapendo kwa mikono yake na kwa kitenge chake. Msichana. Hakulia. Alikuwa wa rangi ya majivu, amelegea.

Mke wangu alimpigapiga mgongo, akamfyonza pua, akampulizia. Hakuna.

Aliniinulia macho, nikaelewa anachotaka. Katika hatari ya kufa mtu yeyote anaweza kubatiza, na mimi nilikuwa nimefundisha jambo hilo miaka mingi. Kinachohitajika ni maji na maneno. Maneno nilikuwa nayo. Maji hatukuwa nayo, kijidumu chetu kilibaki barabarani.

Papa Danieli alikuwa amekaa kwenye mzizi, mikono yake ina damu ya mdogo wake. Alituangalia, akaelewa naye. Ikumbukwe kwamba tulibishana juu ya jambo hilohilo kwa miaka. Kwao mtoto mchanga habatizwi, mtu hubatizwa akishaamini mwenyewe. Alifungua chupa aliyokuwa amefunga kiunoni, akaninyooshea.

"Mi siamini hiyo kitu," alisema. "Lakini maji iko."

Jina la kwanza lililonijia ni la mama yangu. "Veronika, ninakubatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu." Maji yalikuwa baridi. Mtoto alijikunja, akafungua mdomo, akalia.

Sitasema ni muujiza. Muuguzi aliniambia baadaye kwamba maji baridi huwafanyia hivyo watoto wengine, na mke wangu alikuwa amempulizia sana. Nilimwambia muuguzi kwamba mimi sina ugomvi na maelezo yake.

Lakini Mapendo alikuwa akitoka damu nyingi, na njia ilibaki ndefu. Kipoyi kilihitaji mtu wa nane. Kwa miaka mingi mimi nilikuwa mtu wa orodha. Niliandika majina ya wabebaji, sikubeba. Siku ile niliweka bega langu chini ya mti wa Samweli, mahali palipokuwa bado na jasho lake, nikabeba mpaka kituoni. Sijui nilipandaje ule mlima. Najua tu kwamba kila nilipotaka kuomba kubadili bega niliona aibu nikameza maneno.

Muuguzi alikuwepo kweli, peke yake. Aliisimamisha damu ya Mapendo. Binti yangu aliishi, na mjukuu wangu aliishi. Wahenga walisema majuto ni mjukuu, huja baadaye. Kwangu mimi vilifika siku moja.

Papa Danieli na wawili wenzake walirudi kwa Samweli. Walisubiri jua lishuke na Sabato iishe, wakachimba kwa panga na jembe bovu karibu na yale matete, wakamzika. Papa Danieli aliniuliza kabla ya kuondoka kama nitakwenda nao. Nilimwambia siwezi kumwacha Mapendo. Ilikuwa kweli, na haikuwa kweli yote. Mama yake alikuwepo, muuguzi alikuwepo. Niliogopa barabara ile. Nimeungama jambo hilo kwa padri, lakini kuna mtu mwingine aliyestahili kulisikia kwanza.

Siku zilizofuata tulitembea kuelekea magharibi, kwanza ndani ya Masisi, halafu kuingia msitu wa Walikale. Mvua haikutuacha. Wasabato wale saba walimbeba Mapendo siku mbili zaidi mpaka alipoweza kusimama, na hakuna aliyezungumza habari ya orodha. Familia zao zilitukuta kwenye kijiji ambako wenyeji walitugawia sehemu ya kujenga vibanda. Mama Neema alifika na watoto wake watatu. Alishaambiwa njiani. Nilikwenda kwake na mke wangu, nimetayarisha maneno ya kufariji, maana kufariji wafiwa ni kazi ya katekista na nilikuwa naijua.

Nilianza kusema kwamba Samweli alikufa kifo cha mwenye haki.

"Papa Katekista," alinikatiza, "usiniambie njo Mungu alipanga. Na usinielezee namna alikufa. Sitaki kuisikia kwa mudomo yako."

"Mama, mimi nilikuwa pale."

"Ulikuwa pale. Lakini kumuzika haukufika."

Nilirudi kibandani kwetu, nikakaa siku tatu bila kusalisha mtu. Siku ya nne mke wangu alinitupia shoka miguuni.

"Mwenye alikuwa anamupasulia Mama Neema kuni amekufa juu ya mutoto yetu," alisema. "Leo iko Ijumaa. Nenda. Na mudomo uiache hapa nyumbani."

Wale wanaoishi karibu na Wasabato wanajua Ijumaa ilivyo kwao. Kabla jua halijazama kila kitu lazima kiwe tayari, kuni, maji, chakula cha kesho, nguo za watoto, kwa sababu Sabato ikiingia kazi inasimama. Kwa mjane mwenye watoto watatu wadogo, ugenini, Ijumaa ni siku fupi mno. Nilipasua kuni nikazipanga mlangoni pake. Nilichota maji mtoni mara nne. Hakunisalimia, nami sikusema neno. Ijumaa iliyofuata nikarudi. Mkwe wangu alipotukuta, akaungana nami. Ninaweza kusema kwamba katika miaka miwili nilikosa Ijumaa tatu tu, zote kwa sababu ya malaria.

Wenyeji wa kijiji waliona. Kule msituni watu wanapenda kujua mambo ya wageni, na mzee Mkatoliki anayechotea maji mwanamke wa dini nyingine kila Ijumaa ni jambo la kuzungumziwa. Mama mmoja mwenyeji, muuza samaki wa mtoni, alinisimamisha njiani siku moja.

"Huyu mama iko ndugu yako?"

"Hapana."

"Iko wa kanisa yako?"

"Hapana."

"Basi ni nini inakusukuma?"

Nilikuwa na jibu refu tayari. Nikalikata. Nilimweleza habari ya kipoyi, kuanzia maneno yangu ya Jumapili ile, bila kujipaka mafuta. Alisikiliza mpaka mwisho. Jumapili alikuja kwenye sala yetu chini ya hema, akakaa nyuma. Akaja tena. Alibatizwa Pasaka moja pamoja na wanawe, na ninakiri kwamba katika maisha yangu yote ya kubishana sikuwahi kumleta mtu kwa urahisi namna ile, nikimweleza tu aibu yangu.

Ninapopima hasara zetu, ninajaribu kutodanganya mizani. Shamba la maharagwe limeota kichaka. Shapeli haina paa. Watu sita wa shirika letu hatujui waliko. Kipoyi kipo kimoja sasa, cha kijiji kizima, na orodha yake anaiandika Papa Danieli kwa sababu mwandiko wake ni mzuri kuliko wangu. Veronika anakimbia. Vitu hivyo vizuri ni vya kweli, navishukuru kila asubuhi. Lakini havimrudishi Samweli, na nimejizuia kusema mbele ya watoto wake kwamba kifo chake kilizaa matunda. Matunda nimeyala mimi. Wao wamebaki na njaa ya baba.

Ijumaa moja, msimu wa mvua ulipokuwa unakwisha, nilikuwa napasua kuni mlangoni kwa Mama Neema. Alitoka na sufuria, akaiweka chini. Badala ya kurudi ndani akaketi juu ya gogo.

"Alisemaka nini?" akaniuliza.

Sikuelewa mara moja.

"Samweli. Siku ile. Alisemaka nini?"

Nilishusha shoka. Kwanza nilimwambia lile lililonielemea, kwamba sikwenda kumzika kwa sababu niliogopa barabara, na kwamba Mapendo alikuwa kisingizio. Alitikisa kichwa taratibu.

"Hiyo nilijua tangu zamani. Nakuuliza ya Samweli."

Basi nikamwambia. Nilimwambia alivyosimama kanisani, ingawa hapo alikuwepo. Nilimwambia alivyomwomba mke wangu asiache rozari kwa kuwa inawapa mwendo, na Mama Neema akaweka mkono mdomoni. Nikamwambia alivyogeuka kwenye mteremko, jasho linamtoka, akasema mtoto wangu ni mzito kama mahubiri yangu.

Alicheka. Kilikuwa kicheko kikubwa, cha tumboni, watoto wakatoka ndani kutazama. "Njo yeye," alisema. "Njo yeye kabisa." Kisha machozi yakaja, akayaacha yaende.

"Na mwisho?"

"Mwisho alisema, tubadirishe bega. Halafu hakuangusha mti, Mama. Aliushika mpaka mwenzake akaupokea."

Jua lilikuwa limeshuka kwenye miti, Sabato yake ilikuwa karibu kuingia, na kuni zilikuwa bado nusu. Niliinama kuchukua shoka nimalizie. Akalisukuma kwa mguu, likaenda mbali na mkono wangu.

"Sema tena," akaniambia.

Nikaketi chini karibu na watoto, nikasema tena, tangu mwanzo.